Sifa Bila Wasifu: Uhakiki wa Insha za "Mwanamichezo Ninayemuenzi"

Utangulizi

Wasomaji wetu watakumbuka kwamba mwezi wa Septemba 2025 jiji la Kigali lilikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya mbio za baiskeli za barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika barani Afrika. Kwa muda wa juma zima shule za jiji zilifungwa, barabara zikafungwa, na watu wakajipanga kandokando ya vilima ili kuwaona waendeshaji ambao hapo awali walikuwa wakiwaona katika televisheni tu. Sisi walimu wa lugha hatukutaka fursa hiyo itupite bure. Masomo yaliporejea tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya insha yenye kichwa "Mwanamichezo Ninayemuenzi", tukaamini kwamba safari hii kalamu zitakimbia zenyewe.

Kalamu zilikimbia kweli. Insha zilikuja nyingi, ndefu na safi. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa mzuri kuliko tulivyozoea, na methali hazikukosekana. Hata hivyo, tulipofika katikati ya lundo lile tulianza kuhisi uchovu ambao hatukuutarajia. Ilikuwa kana kwamba tunasoma insha moja iliyonakiliwa kwa miandiko mbalimbali. Mmoja alimwandikia Tadej Pogačar wa Slovenia, mwingine Eliud Kipchoge wa Kenya, mwingine mchezaji wa kandanda wa Ulaya, lakini mtu aliyesifiwa alikuwa yule yule: mwenye bidii, mwenye nidhamu, asiyekata tamaa, kioo cha vijana.

Makala haya yanakusudia kuchunguza chanzo cha hali hiyo. Dai letu ni kwamba wanafunzi wetu wanajua kusifu lakini hawajui kueleza, na kwamba kosa hilo si lao kwanza, bali ni letu sisi tuliowafundisha na kuwasahihisha. Tutaonyesha pia kwamba jambo hili si la mtindo peke yake. Kijana asiyeweza kumweleza mtu anayemuenzi hawezi kujifunza kwake vilivyo, wala hawezi kumuuliza swali, wala hawezi kumkatalia siku itakapobidi.

Jaribio la kubadilisha jina

Ili tusionekane kuwa tunalaumu bila ushahidi, tulifanya jaribio dogo ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya darasani kwake. Tuliichukua aya ya sifa iliyoandikwa juu ya Kipchoge, tukafuta jina lake na kuweka la Pogačar. Aya ilisimama vilevile bila hata neno moja kuyumba. Tukaweka jina la mchezaji wa mpira wa kikapu, ikasimama. Tukaweka jina la mfanyabiashara, ikasimama. Maana yake ni kwamba aya ile haikuwa imesema lolote juu ya Kipchoge tangu mwanzo. Ni kanzu iliyoshonwa bila kumpima mtu, na kwa kuwa ni pana inamtosha kila anayeivaa.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba wanafunzi hawa walikuwa na mambo ya kusema. Wengi wa waliomwandikia Pogačar walisimama barabarani wakamwona. Walishuhudia jambo ambalo mwandishi yeyote angelitamani. Siku ya kwanza ya mashindano, katika mbio za kila mtu na saa yake, Pogačar alitangulia kuondoka kwa dakika mbili na nusu, na bado Remco Evenepoel wa Ubelgiji akamkuta na kumpita katika kilomita za mwisho. Bingwa alipitwa mbele ya umati. Baada ya juma moja bingwa huyohuyo akashinda mbio kuu za barabarani. Tulitafuta habari hiyo ya kupitwa katika insha zote, hatukuiona. Tulipowauliza waandishi kwa nini waliiacha, jibu lilikuwa moja kwa namna mbalimbali: waliona kuisema ni kumvunjia heshima mtu wanayemuenzi.

Jibu hilo linastahili kutiliwa maanani. Linatuonyesha kwamba mwanafunzi anaamini kuwa kumuenzi mtu ni kumficha. Tujiulize imani hiyo ameipata wapi.

Sifa na wasifu

Kiswahili chenyewe kinaweza kutusaidia hapa. Neno "sifa" lina maana mbili ambazo sote tunazitumia kila siku. Tukisema fulani amepewa sifa nyingi, tunamaanisha maneno ya kumtukuza. Tukisoma tangazo la kazi lenye "sifa za mwombaji", hatutarajii kusoma utukufu. Tunatarajia kusoma mambo yanayomtambulisha mtu: ana shahada gani, amefanya kazi miaka mingapi, anajua lugha zipi. Hali kadhalika tunapofundisha vivumishi vya sifa tunawaambia wanafunzi kwamba kivumishi hueleza nomino ilivyo. "Mti mkavu" ni sifa, ingawa hakuna aliyeutukuza mti. Neno "wasifu" nalo ni ndugu wa "sifa". Yote mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kueleza kitu kilivyo.

Kwa hiyo anayesifu, kwa asili ya neno, ni anayeeleza. Utukufu unakuja baadaye, kama matokeo ya maelezo. Insha zetu zimeshika maana ya pili na kuisahau ya kwanza.

Waandishi wetu wakubwa hawakuisahau. Shaaban Robert alipoandika juu ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alikiita kitabu chake wasifu. Alimstahi Siti, na hakuna msomaji asiyeliona hilo. Lakini hakuficha kwamba Siti alikuwa binti wa watu maskini wa Fumba aliyeuza vyungu kabla ya kuuza nyimbo, wala kwamba walikuwapo waliomkejeli kwa asili yake na kwa sura yake. Heshima ya Siti inakua machoni petu kwa sababu tumeonyeshwa alikotoka. Kama Shaaban Robert angetuambia tu kwamba Siti alikuwa na bidii na nidhamu, tungekwisha kumsahau.

Tuchukue pia Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Hapa uhusiano ni wa mlezi na anayelelewa, na anayesema ni mlezi mwenyewe, mama mgonjwa anayemuusia bintiye. Wahakiki wa siku hizi wamebishana sana, na kwa haki, juu ya mafunzo ya utendi huo kuhusu nafasi ya mwanamke. Lakini angalia jinsi mafunzo yanavyotolewa. Mama anamwita binti akae karibu, alete wino na karatasi. Yapo mahali, yapo mikono, upo muda ambao unakwisha. Wasia hauelei hewani. Ndiyo maana hata msomaji asiyekubaliana na Mwana Kupona hawezi kumchanganya na mtu mwingine.

Mila yetu ya fasihi, basi, ina njia mbili za kumzungumzia mtu anayetuongoza: wasifu na wasia. Insha ya shuleni haikufuata hata moja kati ya hizo.

Maneno ya kumwita na vitenzi vya kumwendea

Kabla hatujaingia katika mifano ya wanariadha, tungependa kugusa msamiati. Wanafunzi wetu wana maneno mengi ya kumwita mtu anayewaongoza katika michezo: kocha, mkufunzi, mwalimu, mlezi, mshauri, kielelezo, ruwaza. Waliyatumia yote kana kwamba ni visawe. Sivyo. Kielelezo au ruwaza anaweza kuwa mtu usiyewahi kuonana naye. Unamtazama kwa mbali, naye hajui kwamba upo. Kocha anakujua, lakini mkataba ukiisha huenda akaondoka. Mlezi hawezi kuwa mlezi bila kuwapo anayelelewa. Neno lenyewe linadai watu wawili na miaka kadhaa. Mwanafunzi aliyeandika kwamba Pogačar ni mlezi wake hakukosea sarufi, alikosea ukweli.

Vitenzi navyo vina tofauti zake. Kuiga ni kufanya kama afanyavyo mwingine, hata bila kuelewa. Kufuata ni kwenda nyuma ya mtu, na anayefuata anaweza kuachwa au kugeuka. Kuenzi kuna heshima ndani yake. Na kuhusudu ni kitenzi cha ajabu, kwa sababu kinabeba kuvutiwa na kuona kijicho kwa pamoja. Anayemhusudu bingwa anampenda na papo hapo anatamani kile alichonacho. Tunaamini kwamba kijana mwanamichezo yeyote mkweli ataitambua hali hiyo moyoni mwake. Lakini katika insha zote tulizosoma hakuna aliyethubutu kukitumia kitenzi hicho. Wote walienzi.

Kijana aliyerudi

Wanafunzi wengi walimwandikia Eliud Kipchoge, na si ajabu. Orodha ya ushindi wake ni ndefu: dhahabu ya marathoni katika Olimpiki ya Rio 2016, dhahabu nyingine katika Olimpiki ya Tokyo 2020 ambayo mbio zake zilikimbiwa Sapporo mwaka 2021, na zile saa 1, dakika 59 na sekunde 40 za Vienna mwezi wa Oktoba 2019, ambazo hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Insha zilijaa tarakimu hizo. Tarakimu ni nzuri, lakini hazina uhusiano ndani yake. Hakuna aliyetueleza Kipchoge mwenyewe alimuenzi nani.

Jibu linajulikana. Kipchoge alizaliwa mwaka 1984, akakulia Kapsisiywa katika eneo la Nandi, akilelewa na mama peke yake ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya chekechea. Mtu wa jirani, Patrick Sang, alikuwa amepata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992. Mwaka 2001 Kipchoge, akiwa na umri wa miaka 16, alimwendea Sang na kumwomba programu ya mazoezi. Sang alimpa. Kijana akaenda, akafanya yote, akarudi kuomba nyingine. Akapewa, akaenda, akarudi tena. Kwa mujibu wa masimulizi ambayo wenyewe wameyatoa mara nyingi, ilipita miezi kadhaa kabla Sang hajamuuliza jina lake. Alipolisikia alitambua kwamba kijana huyu ni mtoto wa mwanamke aliyemfundisha yeye mwenyewe chekechea.

Mwalimu wa insha aitazame habari hii kwa makini. Wanafunzi wetu waliandika kwamba Kipchoge "ana bidii". Habari inasema kwamba Kipchoge alirudi. Neno "bidii" ni hukumu ya mwandishi. Neno "alirudi" ni tendo la kijana, na msomaji anafikia hukumu mwenyewe. Zaidi ya hayo, tendo hilo linatuonyesha namna ya kuenzi kwa kweli. Kijana hakumwambia Sang kwamba yeye ni nyota. Alimwonyesha kwa kufanya alichoambiwa na kurudi kudai zaidi. Naye Sang hakumkumbatia siku ya kwanza. Alimpa kazi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2003, kijana huyo alishinda mita 5,000 katika Mashindano ya Dunia mjini Paris, akiwaacha nyuma Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Mwaka 2012 alishindwa kupata nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London, na mwaka 2013 akageukia marathoni, Sang akiwa bado kocha wake. Katika Olimpiki ya Paris 2024 alijitoa njiani. Mwandishi anayetafuta maana ya ulezi angeanzia katika miaka ya kushindwa, maana kielelezo humsaidia mtu wakati wa kupanda, lakini mlezi huonekana wakati wa kushuka. Insha zetu zote zilianza na kuishia Vienna.

Mnyarwanda asiyetajwa

Hapa tunafika katika jambo lililotugusa zaidi sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Rwanda. Katika insha zote hakuna hata moja iliyomtaja Gervais Hakizimana.

Hakizimana alikuwa mwanariadha wa Rwanda, mkimbiaji wa kuruka viunzi na maji, aliyekwenda kufanya mazoezi katika nyanda za juu za Kenya, huko Chepkorio. Hapo palikuwa na mtoto mchungaji aliyekuwa akiwafuata wakimbiaji wakubwa pekupeku. Hakizimana alisimulia baadaye kwamba mtoto huyo alikuwa akimjia kwa nyuma akimgusagusa visigino, naye akimfukuza. Mtoto alikuwa Kelvin Kiptum. Alipokua, Hakizimana akawa kocha wake. Kiptum alikimbia marathoni tatu tu katika maisha yake: Valencia mwezi wa Desemba 2022 kwa saa 2:01:53, London mwezi wa Aprili 2023 kwa saa 2:01:25, na Chicago mwezi wa Oktoba 2023 kwa saa 2:00:35, iliyokuwa rekodi ya dunia. Alizishinda zote tatu.

Baada ya ushindi wa London waandishi wa habari walimuuliza Hakizimana juu ya kijana wake. Kocha mwingine angejaza sifa. Hakizimana alieleza kwamba Kiptum anakimbia kilomita nyingi mno, wiki nyingine zaidi ya 300, kwamba amemshauri apunguze lakini hataki, na kwamba amemwonya kuwa akiendelea hivyo baada ya miaka mitano atakuwa amekwisha. Tunaomba wasomaji wayapime maneno hayo. Kijana ameshinda London, dunia nzima inampigia makofi, na mtu anayempenda kuliko wote anasema: naogopa. Huo ndio wasia wa mlezi. Na kijana anayemuenzi hakumtii katika jambo hilo, wala hawakuachana kwa sababu hiyo. Heshima na kutokubaliana vilikaa katika nyumba moja.

Miaka mitano ile haikufika. Usiku wa tarehe 11 Februari 2024 Kiptum, mwenye umri wa miaka 24, na Hakizimana, mwenye umri wa miaka 36, walifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat. Walikuwa katika gari moja.

Tukiiacha huzuni kando kidogo na kurudi katika uhakiki, tuone habari hii ina nini ambacho insha zetu hazina. Ina mtoto anayefukuzwa. Ina mtu mzima anayebadilisha mawazo yake juu ya mtoto. Ina onyo lisilosikilizwa. Ina mpaka wa nchi unaovukwa bila hotuba ya undugu. Kwa mwanafunzi wa Kigali au Musanze ni habari ya nyumbani. Kwa nini basi haikuandikwa? Tunadhani ni kwa sababu Hakizimana hakuvaa medali ile. Tumewafundisha vijana kwamba anayestahili insha ni yule anayesimama juu ya jukwaa, si yule anayeshika saa pembeni.

Shujaa anapoanguka

Upo upande mwingine wa jambo hili, nao ni mchungu. Mwezi wa Oktoba 2024 Ruth Chepng'etich wa Kenya alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10. Mwishoni mwa mwaka huo tulipokea insha kadhaa za kumtukuza, na tulizipa alama nzuri. Mwezi wa Julai 2025 alisimamishwa kwa muda kwa sababu ya dawa iliyokatazwa, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo akapewa adhabu ya kutoshiriki mashindano kwa miaka mitatu. Adhabu haikugusa matokeo ya Chicago, kwa kuwa sampuli ilichukuliwa Machi 2025.

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameandika insha ya namna hiyo alitujia ofisini akauliza kama tunaweza kumrudishia, aichane. Hatukujua la kumjibu kwa haraka. Tukiitazama insha yake leo, hakuna tarakimu iliyokuwa ya uongo. Kilichoanguka ni ile nguzo ya "kioo cha vijana, asiye na doa", ambayo mwandishi hakuwa na ushahidi wake hata siku ile alipoiandika. Aliiweka kwa sababu insha ya shujaa ilidai iwepo. Kama angeandika aliyoyajua, yaani jinsi yeye mwenyewe alivyokesha kuangalia mbio zile, jinsi dada zake walivyopiga kelele, na jinsi asubuhi yake alivyotoka kukimbia kwa mara ya kwanza katika maisha yake, insha yake isingeanguka pamoja na mkimbiaji. Asubuhi ile ya kukimbia ilikuwa ya kweli na bado ni ya kweli.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kawaida methali hii tunaielekeza kwa mgema: asilewe sifa. Lakini inamhusu msifu pia. Mnywaji asiyejua ladha ya tembo, anayesifu kwa desturi tu, hatatambua siku maji yatakapotiwa. Kijana aliyezoea kusifu bila kuangalia hana kipimo. Kocha akimwambia ameze kidonge, atameza, kwa maana amefundishwa kwamba kuuliza ni utovu wa heshima. Na binti akipata kocha anayevuka mipaka, atatafuta maneno ya kukataa asiyapate, kwa maana maneno yote aliyopewa juu ya kocha ni ya kumtukuza. Ndiyo maana tumesema kwamba jambo hili si la mtindo peke yake.

Insha iliyopata alama 11

Ni wakati sasa wa kukiri kosa letu. Katika lundo la safari hii ilikuwamo insha moja fupi ambayo tuliipa alama 11 kati ya 20. Mwandishi, msichana wa mwaka wa kwanza, hakumwandikia bingwa yeyote. Alimwandikia msichana aliyemtangulia madarasa mawili katika shule ya sekondari, ambaye alimfundisha kukimbia mita 800. Alieleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa na tabia ya kugeuka nyuma katika kona ya mwisho, kwa hofu. Dada yule akawa anasimama kwenye kona kila jioni, na kila alipogeuka alimtaka arudie mzunguko mzima. Hakumkemea. Alinyoosha mkono tu kuelekea mwanzo. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya shule, mwanafunzi hakugeuka nyuma, na kwa sababu hakugeuka hakujua kwamba aliyempita dakika ile alikuwa dada yule. Aliona haya kushinda. Alisimama kwenye mstari hajui afurahi au aombe radhi. Dada akaja, akamshika bega, akanyoosha mkono kuelekea mwanzo, wakacheka wote wawili. Insha ikaishia hapo.

Pembeni tuliandika kwa wino mwekundu: "Shujaa wako ni nani? Hana mafanikio yoyote. Tumia methali."

Tumeisoma tena insha ile mara kadhaa. Hakuna neno "bidii" ndani yake, wala "nidhamu", na bado kila msomaji anajua kwamba dada yule alikuwa na vyote viwili. Ule mkono ulionyooshwa unaonekana mara mbili, mara ya kwanza ni adhabu na mara ya pili ni zawadi, bila mwandishi kutuambia hivyo. Badilisha jina ukipenda. Huwezi kumweka Pogačar pale kwenye kona. Na kitenzi kile ambacho wengine walikikwepa, kuhusudu, kimo ndani ya insha nzima ingawa hakikuandikwa. Ilikuwa insha bora kuliko zote, nasi tuliishusha kwa sababu mwongozo wetu wa kusahihisha ulitenga alama za methali, za msamiati wa kuvutia na za mafanikio ya shujaa, lakini haukutenga hata alama moja ya kuona.

Tunawaomba wasomaji wasidhani kwamba tunadharau methali. Lakini methali inayowekwa ili ihesabiwe ni sawa na medali ya kukodi.

Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na hayo, tungependa kupendekeza mambo machache kwa walimu wenzetu. Kwanza, mada yenyewe irekebishwe. Badala ya "Mwanamichezo Ninayemuenzi", ambayo inaita orodha ya ushindi, tujaribu "Siku Niliyofundishwa na Mwanamichezo". Siku moja inamlazimisha mwandishi kuwa na mahali na tendo. Pili, kila anayeandika ajibu maswali matatu kabla ya kushika kalamu: mtu huyu alifanya nini nikaona kwa macho yangu au kwa ushahidi ninaouamini? Alinikataza au alinionya nini? Ni wapi sikubaliani naye? Asiyeweza kujibu swali la tatu bado yuko mbali na mtu wake. Tatu, jaribio la kubadilisha jina lifanywe na wanafunzi wenyewe, wawili wawili, kabla ya kazi kukusanywa. Nne, mwongozo wa kusahihisha upunguze alama za mapambo na kutenga fungu la maelezo mahususi.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Watasemwa watahini wa taifa, kwamba wanataka vivumishi na methali, na kwamba mwalimu anayefuata ushauri huu atawaponza watoto wake. Pingamizi hilo lina uzito, wala hatuna nguvu ya kubadilisha mitihani kwa makala ya jarida. Tunasema tu kwamba mwanafunzi anayejua kueleza anaweza kuongeza methali akiambiwa, ilhali anayejua methali tupu hawezi kuongeza macho.

Insha ya alama 11 tumeirudia na kuipa 17. Mwandishi alipoipokea aliitazama alama mpya, akauliza kama tumekosea kuandika. Tulimjibu kwamba tulikosea mara ya kwanza. Kisha tukamuuliza kama yule dada aliwahi kuisoma. Alisema hapana, lakini kwamba sasa atampelekea.